Nasikia Kila Kitu Isipokuwa Maneno

Jumanne ile mke wangu alinipigia simu nikiwa kazini, saa kumi kasoro robo. Nitanukuu nilichosikia neno kwa neno, maana kesi yenyewe bado ni mbichi na ushahidi lazima utunzwe: "Baba Asha, leo ukirudi njoo na kaka, nina hamu naye sana."

Nikasema sawa, damu nzito kuliko maji. Kaka yake anakaa Mbagala, sisi tunakaa Tabata, na katikati yetu kuna daladala mbili, jua, na foleni isiyo na mwenyewe. Nikaenda. Nikamkuta shemeji kibarazani kwake anachambua mchele. Nikamwambia, "Shemeji, dada yako ana hamu sana, kanituma nije nikuchukue." Akanitazama kwa muda mrefu. Akainamisha kichwa. Akaingia ndani bila kusema neno, akatoka na begi na mfuko wa machungwa. Lile begi nililiona. Sikulitilia maanani, lakini nililiona.

Tulifika nyumbani saa mbili usiku. Mama Asha alikuwa ameshakuna nazi, tui tayari, bamia zimekatwa. Akaitazama mikono yangu mitupu, akatazama nyuma yangu, akamwona kaka yake. Alifurahi, sitasema uongo. Akampokea begi, akamkaribisha. Kisha akanivuta jikoni kwa ukosi wa shati.

"Papa yuko wapi?"

"Papa gani?"

"Papa niliyekwambia uje naye!"

Lawama yangu ya kwanza naielekeza kwa Kiswahili. Angetaka muhogo, ningejua, kwa sababu hamu ingekuwa "nao". Angetaka viazi ingekuwa "navyo". Lakini papa, samaki aliyepigwa chumvi akaanikwa mpaka akawa mgumu kama soli ya kiatu, bado sarufi inampa heshima ya kiumbe hai na kumwita "naye", sawasawa na kaka wa mtu. Mimi ningewatofautishaje?

Ndani ya nyumba yangu kesi hii haikuwa ya kwanza. Kwa miaka sita nimebandikwa majina: hasikii, anajifanya hasikii, anasikia anachotaka. Nakanusha yote matatu. Mimi nasikia. Nasikia geti la jirani likikwaruza. Nasikia bodaboda iliyotobolewa ekzosi ikipita saa nane usiku. Namsikia kijana wa mkokoteni mwenye spika inayorudia dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, toka anapoingia mtaani mpaka anapotokea upande wa pili. Nasikia kila kitu isipokuwa maneno.

Na sababu niliijua: watu wa siku hizi wanamumunya. Asha anamumunya. Msomaji wa taarifa ya habari anamumunya. Kipindi cha korona hali ikazidi, kila aliyevaa barakoa akawa anaongea kama yuko ndani ya pipa. Nikadhani kitambaa kinazuia sauti. Haikunipitia akilini kwamba siku zote nilikuwa nasoma midomo ya watu kama mtu asomaye gazeti la mwenzake kwenye daladala, na sasa mwenye gazeti kalikunja.

Baada ya kesi ya papa, Mama Asha alinipeleka hospitali. Siitaji hospitali, sitaki maneno. Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa binti wa rika la Asha. Akachungulia kwa kile kitochi chao, akasonya kidogo. Hilo nililisikia.

"Baba, unasafisha masikio kwa nini?"

Nikamweleza bila kuficha. Kwa vijiti vya pamba. Pamba ikikosekana, kifuniko cha kalamu. Kwenye dharura, ufunguo. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alitumia unyoya wa kuku, na hakuna aliyekufa.

Akachukua chombo chake akavuta kutoka sikio la kulia kitu cheusi ukubwa wa haragwe. Akanionyesha. Nikakataa kukitambua. Akanieleza kwamba nta ya sikio si uchafu, ni mlinzi. Inanasa vumbi na vidudu, na ngozi ya mle ndani husogea yenyewe taratibu kuelekea nje ikibeba mzigo huo, nasi tukitafuna taya linasaidia kusukuma. Sikio linajifagia lenyewe. Mimi na pamba yangu tulikuwa tunarudisha takataka ndani na kushindilia. Miaka hamsini nimekuwa nikifunga lumbesa.

Nikashukuru, nikasimama, nikatafuta kofia yangu nikijua nimepona. Akaniambia, "Kaa, Baba. Hiyo ilikuwa pazia. Bado hatujaona dirisha."

Hapo akachukua sikio la plastiki lililokatwa katikati, akaanza kunitembeza. Na mimi, ambaye nimetembea na masikio mawili toka kuzaliwa, nikagundua kwamba nilikuwa mpangaji nisiyejua nyumba ina vyumba vingapi.

Hili sikio linaloonekana, linalovutwa na walimu na kutobolewa hereni, ni baraza tu. Kazi yake ni kukusanya sauti na kuiingiza kwenye kijia cha sentimita mbili na nusu hivi. Mwisho wa kijia kuna ngozi nyembamba iliyowambwa, na jina lake ni ngoma. Sauti ikigonga, ngoma inatetemeka. Nyuma yake kuna vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Yaani nina karakana ya mhunzi kichwani. Hicho kikuku, kinachofanana na kile cha kukanyagia anayepanda farasi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita tatu tu. Ukikidondosha kwenye mchele hukipati tena.

Karakana ya nini? Kwa sababu chumba cha ndani kabisa kimejaa maji, na sauti ya hewani haipendi kuingia majini. Zamia pale Kigamboni uone kama utamsikia anayekuita ufukweni. Kwa hiyo mtetemo wa ngoma nzima unakusanywa na vile vifupa na kukandamizwa kwenye kidirisha kidogo, karibu mara 17 kuliko ngoma yenyewe. Ni kama mwanamke mwenye kisigino chembamba akikukanyaga kwenye daladala: uzito ni uleule, maumivu ndiyo yamekusanywa mahali pamoja.

Chumba chenyewe cha maji ni kimrija kilichojiviringa mizunguko miwili na nusu kama gamba la konokono. Wao wanakiita koklea. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio. Maji yakitikisika vinyweleo vinainama, vikiinama umeme unazaliwa, umeme unakwenda kwenye ubongo, na ubongo unasema: huyo ni Mama Asha, na amekasirika.

"Kila seli ina sauti yake, Baba. Zilizo mlangoni zinapokea sauti nyembamba. Zilizo ndani kabisa zinapokea sauti nene."

Nikaelewa mwenyewe kabla hajamaliza. Angalia uwanja wowote wa mpira wa mtaani. Majani yanaisha wapi kwanza? Mbele ya goli, kila mtu anapopita. Pembeni kule majani yanastawi, mbuzi wanakula. Ndivyo na sikio: mawimbi yote, ya ngoma na ya filimbi, yanapitia mlangoni, na seli za sauti nyembamba ndizo zinaanza kung'oka kwa kelele na kwa umri.

Akanifungia kwenye kijumba cha kuzuia sauti, akanivisha spika masikioni na kunipa kitufe nibonyeze nikisikia mlio. Nilibonyeza kwa juhudi sana, mara nyingine bila mlio wowote, nikitarajia maksi za huruma. Matokeo yakatoka kwenye karatasi: mstari ulianza vizuri, tambarare kama barabara mpya ya lami, kisha ukaporomoka kama lori lisilo na breki kwenye mteremko wa Kitonga.

"Kwenye sauti nene uko vizuri," akasema. "Irabu zote unazipata. A, e, i, o, u. Zinazokupotea ni s, f, sh, p, t, k. Hizo ni sauti nyembamba, tena hafifu."

Msomaji mwenzangu, hebu tafakari msiba huu. Mimi ni mzungumzaji wa lugha ambayo kila neno limepakwa irabu kama mkate na siagi. Ndiyo maana sikujua kama nimepungukiwa: nilikuwa nasikia lugha nzima inapita, imejaa, ina mdundo. Kumbe napokea maganda. Mtu akisema "fika", napata i na a, halafu nachagua mwenyewe: pika, shika, fika, sika, tika. Siku nyingine nabahatisha. Siku nyingine napika pasipotakiwa kupikwa. "Papa" na "kaka" kwangu zote ni a-a, na hapo ndipo shemeji alipopatikana.

Na msinipigie kelele! Hii ni lawama yangu ya pili na naomba isomwe hadharani. Mtu akiona husikii anapayuka, "PAAAPAAA!" Anachopaza ni irabu, ambazo sikuwa na shida nazo. Ile p ndogo, ndiyo niliyoihitaji, inabaki palepale. Ukitaka nikuelewe, nigeukie usoni, sema taratibu, zima redio. Ni bure na hakukaushi koo.

Nikamuuliza daktari, hizo seli zikifa zinaota lini?

"Hazioki," ndivyo nilivyosikia. Akarudia akinitazama: "Hazioti, Baba. Binadamu anapewa hizo hizo. Za kuku zinaota."

"Nani?"

"Kuku. Akiharibikiwa na kelele au dawa, baada ya wiki chache seli mpya zinachipua na anasikia tena. Mwaka 1988 wanasayansi wa Marekani walichapisha ushahidi huo, wa kuku na wa kware."

Nimekula kuku toka nina meno. Nimemfukuza kwa fagio, nimemwita mjinga, nimemkalia kwenye pilau la harusi. Kumbe muda wote ananitazama kwa jicho la upande akijua ana spea na mimi sina, hata nikienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Na bibi yangu alikuwa ananichokonoa kwa unyoya wa kiumbe ambaye sikio lake ni bora kuliko langu.

Basi ikaja hesabu ya dhambi. Daktari akauliza kama niliwahi kupewa kwinini. Nani wa umri wangu hakupewa? Zile dripu za malaria, masikio yanavuma kama redio iliyopoteza stesheni. Akasema mvumo ule kwa kawaida huisha dozi ikiisha, lakini zipo dawa zinazoua seli moja kwa moja, kama sindano za streptomaisini za kifua kikuu au jentamaisini, ndiyo maana haziguswi bila daktari. Akauliza kuhusu homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, sikio kutoa usaha utotoni, wazee kwenye ukoo waliopoteza usikivu mapema. Yote nikasema hapana. Nilianza kujiona mtu safi.

"Muziki?"

Nikanyamaza. Miaka ya themanini nilikuwa mtu wa dansi. Na sikuwa mtu wa dansi wa kukaa nyuma. Nilikuwa nasimama ubavuni mwa spika, kwa sababu hapo besi inakushika kifuani na wasichana wanakuona. Asubuhi masikio yanapiga mluzi mpaka jioni, nami nachukulia kuwa ni risiti ya starehe.

Akachukua kalamu. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linavumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatwa nusu. 83, saa 20. 86, saa 10. Akaendelea kukata, na mimi naangalia kalamu kama mtu anayehesabiwa riba ya mkopo. Ilipofika 101, iliyo kelele ya kawaida kabisa ya dansi, zilibaki dakika kama 19. Kwa wiki. Mimi nilikuwa naingia saa tatu usiku natoka majogoo. Na hao majogoo wenyewe, kama nilivyokwishaeleza, hawakuathirika.

Hiyo desibeli imepewa jina la Alexander Graham Bell, mwenye sifa za simu. Mama yake alikuwa hasikii vizuri na mkewe alikuwa kiziwi. Ungetegemea mtu kama huyo atuhurumie. Lakini simu ya kawaida huchuja sauti nyembamba za juu, yaani ikichukua maneno ya Mama Asha inayapunguza makali kabla hata hayajafika kwangu niyapunguze tena.

Nilipotoka hospitali nililiangalia jiji kwa masikio mapya. Konda anapayuka mlangoni kwa sababu dereva hasikii. Dereva hasikii kwa sababu ya muziki. Muziki umepandishwa kwa sababu injini inanguruma. Duka limeweka spika nje kwa sababu duka la jirani limeweka spika nje. Usiku kuna kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya kukesha, maspika yamepangwa kama matofali. Na Asha kando yangu amejaza spika ndogo masikioni, ninasikia muziki wake mimi, mgonjwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kwa kusikiliza namna hiyo, na ifikapo 2050 watu karibu bilioni 2.5 watakuwa na upungufu wa usikivu wa namna fulani. Nilimwambia Asha. Akanijibu, "Eh?"

Wakati huo shemeji bado yuko kwangu. Siku ya tatu, ya tano, ya nane. Nikaanza kumpa ishara za kiungwana.

"Shemeji, naona leo magari ya Mbagala ni mengi kituoni."

"Asante, shemeji, chai inatosha."

"Nyumbani hawajakumisi?"

"Hapana, weka bila sukari."

Kwa elimu yangu mpya nikamchunguza. Huyu mtu amesimamia mashine ya kusaga unga miaka ishirini, kutwa nzima, bila hata pamba masikioni. Mbele ya goli lake halijabaki jani hata moja. Yeye ni kiziwi kuliko mimi, na hajawahi kupimwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi. Alikuwa anamtazama dada yake kwa huruma. Akimwona anashika ndoo, anamnyang'anya. "Pumzika, dada. Pole sana." Anafagia uwanja, anafua, anamenya machungwa. Mama Asha akaanza kutembea kama malkia. "Unaona kaka yangu anavyonihurumia?" Na kila akisema hivyo ananitazama mimi, kana kwamba ugonjwa wenyewe ni ndoa.

Siku ya kumi na moja usiku akanivuta kando ya tangi la maji ninong'onezwe. Mtu asiyesikia hana mnong'ono. Mtaa wote ulizima redio.

"Shemeji, mimi ni mtu mzima, niambie ukweli. Dada ana ugonjwa gani?"

"Ugonjwa?"

"Si ulikuja ukaniambia dada yako anaumwa sana?"

Nikabaki nimeshika ukuta. Ana hamu sana. Anaumwa sana. Mtu alifunga mashine yake, akaacha wateja na madebe yao mlangoni, akapakia machungwa ya mgonjwa, akakaa siku kumi na moja akimfulia dada yake akingoja mtu ajitokeze na ujasiri wa kumtajia jina la ugonjwa. Na mimi siku zote hizo nilikuwa namhesabia sahani za wali.

"Kwa nini hukuuliza siku ileile?" nikamwambia.

Akaona haya. "Nilifikiri nimesikia."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikumbuka daktari aliponiambia kuhusu shimesikio, kile kifaa kidogo cha kusaidia kusikia. Bei alipotaja niliisikia vizuri, konsonanti zote zimo, na ndiyo sababu niliyoitoa nyumbani. Lakini haikuwa bei. Macho yangu yalipodhoofika nilinunua miwani siku hiyohiyo, nikaanza kuitwa profesa. Sikio likidhoofika mtu anaitwa babu, au anaonekana mjinga, basi tunatikisa kichwa na kucheka wenzetu wanapocheka. Miaka sita, katika nyumba yangu mwenyewe, sijawahi kusema "sijasikia, rudia." Niliona ni nafuu kwenda Mbagala kwa daladala mbili.

Mama Asha alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kaka yake haondoki kabla hajala kile kilichosababisha yote. Akanishika kidevu, akanigeuza uso, akatamka taratibu: "Pa. Pa. Samaki."

Kesho yake asubuhi niko sokoni Buguruni. Nikamwambia muuza samaki nataka papa mkavu. Kelele zimetanda, mashine ya kukuna nazi upande huu, spika ya dawa ya mende upande ule. Akanijibu kitu, a na u, a na u, nikaanza kutikisa kichwa kwa mazoea. Nikajizuia.

"Samahani, ndugu yangu, masikio yangu ni mabovu. Hebu nitazame, urudie."

Akanitazama. Akasogea karibu, akainua sauti kidogo tu, akasema kwa upole kabisa:

"Nimesema hivi, mzee: papa wamekwisha. Kuna kuku."